Kugonga Meza Mara Mbili

Papa, baba yetu, alipokwisha kuzikwa, kaka zangu waligawana vitu vyake bila ugomvi, maana hakukuwa na cha kugombania. Mmoja alichukua baiskeli, mwingine redio, wa tatu koti. Mimi niliomba kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kitanda. Walicheka kidogo, wakanipa. Nililifungua nikiwa peke yangu, na kabla sijaona kilichomo nikapata harufu yake: kafuri, iodini, na harufu ya karatasi iliyoshikwa miaka mingi na mikono yenye jasho. Nina watoto wakubwa sasa, nina miwani, na bado harufu ile ilinikalisha chini.

Zilikuwa karata hamsini na mbili. Hamsini na moja zilichapishwa kiwandani. Moja, saba ya karo, yaani uru, ilikatwa kwenye boksi la dawa na kuchorwa kwa kalamu nyekundu, ile ya walimu ya kusahihishia madaftari. Aliyeichora alikuwa mwalimu kweli, na nitamfikia.

Papa alikuwa muuguzi wa dispanseri moja pale Baraka, upande wa ziwa, na watu walimwita Docta ingawa hakuwa. Mkubwa wake alikuwa Sista mmoja mzee kutoka Ulaya, mwenye magonjwa mawili: pumu na briji. Pumu aliivumilia mwenyewe. Briji iliwabidi wengine waivumilie pamoja naye, kwa sababu ni mchezo wa karata usiochezwa bila watu wanne. Akamfundisha Papa. Akamfundisha Papa Wilondja, karani wa bureau, ofisi ya serikali, aliyeandika watoto waliozaliwa na watu waliokufa, mtu mnene, mcheshi, asiyekosa bombo, zile peremende, mfukoni kwa ajili ya watoto. Wa nne alikuwa Mwalimu Enoki, aliyefundisha hesabu shule ya Waprotestanti, mtu wa kule juu milimani kwa wafugaji. Kanisani kwao karata zilikuwa dhambi. Kila Jumamosi mchana, wagonjwa wakiisha na meza ya vidonda ikifutwa, aliomba kwanza dirisha la upande wa barabara lifungwe.

"Hii haiko karata," alisema, akivua kofia. "Ni hesabu."

"Basi Mungu atakusahihisha na kalamu nyekundu," Papa Wilondja alimjibu, na wote wanne walicheka, Sista akikohoa.

Papa alicheza na Sista. Mwalimu Enoki na Papa Wilondja walicheza pamoja dhidi yao. Wawili hao walielewana kwa namna iliyowashangaza watu, mmoja Mubembe wa ziwani, mwingine wa milimani, mmoja akisema bila kituo, mwingine akimeza maneno na maziwa yake. Miaka sita walikaa wakitazamana juu ya meza ile. Nilikuwa nasimama nyuma ya bega la Papa nikihesabu kimoyomoyo, na hakuna aliyenifukuza.

Kisha maneno mabaya yakaanza kupita barabarani, ya watu wa juu na watu wa chini, nani mwenye nchi na nani mgeni. Wakubwa wa Sista wakamwita arudi kwao. Aliacha dawa, aliacha karata, aliacha kiti kitupu. Papa akakitazama kiti, akanitazama mimi.

"Mama," akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Kuja ukae hapa mbele yangu."

Nilikuwa na miaka kumi. Waliniwekea kartoni ya serum, maji ya dripu, juu ya kiti ili niifikie meza.

Nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa lingine. Kila mtu hupewa karata kumi na tatu, na anayekaa mbele yako ndiye mwenzako. Kabla ya kucheza mnatangaza kwa zamu idadi na aina: piki moja, kere mbili, karo tatu, yaani shupaza, kopa na uru. Kila tangazo linamwambia mwenzako ulichonacho mkononi: umehesabu asi kwa pointi nne, mfalme tatu, dame mbili, vale moja, ukajua nguvu yako. Asiye na la kuongeza husema, "Napita." Hakuna kukonyeza wala kukohoa. Na hakuna lugha ya siri. Papa akitangaza, mpinzani anaweza kugonga meza mara mbili na kuniuliza mimi, mwenzake: amesema nini? Na mimi ni lazima nimjibu yote ninayoyajua, hata kama jibu linatuangusha sisi wenyewe.

Siku ya kwanza niligoma. "Juu ya nini nimwambie, na iko adui?"

"Haiko adui," Papa alisema. "Ni mutu tunacheza naye. Akikuuliza, unamwambia kweli yote. Ukidanganya, mchezo imekufa, inabakia bwizi tu."

Niliipenda sheria ile kuliko mchezo wenyewe. Nyumbani kwetu mtoto wa kike hakuulizwa kitu isipokuwa maji iko wapi. Hapa mtu mzima mwenye sharubu alikunja kidole, akagonga meza, kó kó, kisha akanyamaza akisubiri neno langu. Nilikuwa nikinyoosha mgongo kabla ya kujibu. Papa Wilondja alikuwa akigonga hata pale alipojua jibu, kwa kunifurahisha tu, na nikimaliza alinirushia bombo.

Kucheza hasa alinifundisha Mwalimu Enoki, ingawa alikuwa upande wa pili. Nilikuwa mwepesi wa mkono. Karata ya kwanza niliitupa kabla sijafikiri, na mchezo wote ukaharibika hapo. Aliniambia, "Kalia mikono yako." Nilidhani ni maneno tu. Akanionyesha: anaiweka karata chini, anaingiza viganja viwili chini ya mapaja, anatazama meza. "Fikiri mpaka mwisho, njo utoe mukono." Nikawa nakalia mikono yangu juu ya kartoni ya serum mpaka vidole vinakufa ganzi. Alinifundisha pia kuhesabu. "Zile unaona, kila mutu anaziona. Hesabu zile hazionekane." Kila aina ina karata kumi na tatu, ukijua zilizotoka, unajua zilizofichwa na unajua kwa nani. Mwezi wa pili nilianza kuwashinda mara mojamoja, na Papa alikuwa akienda nyumbani anapiga mluzi.

Nje mambo yalizidi kuharibika. Bombani wanawake waliacha kumsalimu mke wa Mwalimu, na siku moja mke na watoto wakapanda milimani na vitu vichache. Yeye alibaki. Papa alimsihi aende. "Shule haijafungwa," alijibu, kana kwamba hiyo ni sababu. Wanafunzi wake wenyewe walianza kumwimbia nyimbo akipita. Kisha Jumamosi moja hakuja, na Papa akatangaza mbele ya wagonjwa wote, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, "Mwalimu amepanda kwao."

Nilimwamini. Jumatatu mama yangu alinipa sahani iliyofunikwa, nipeleke kwa mgonjwa wa kifua kikuu. Kibanda cha kifua kikuu kilikuwa nyuma kabisa, ng'ambo ya migomba, kuta za matete, na hakuna mtu aliyekikaribia kwa hiari. Niliambiwa niweke sahani mlangoni na kurudi. Siku ya tatu upepo ulisukuma mlango kidogo, na chini yake nikaona viatu vyeusi vya kamba, kimoja kimeshonwa kwa waya. Nilivijua viatu vile. Nilivitazama chini ya meza Jumamosi nyingi.

Sauti ikatoka ndani, chini sana. "Mama, piki ngapi imekwisha kutoka?"

"Sijui, Mwalimu. Hatujacheza."

Alicheka bila kutoa sauti. Nilijua kwa sababu matete yalitikisika.

Nilimwambia Papa kwamba nimejua. Alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa. Siku ya Mungu, alisema, watu wakiwa kanisani, mtu mmoja atashuka kwa njia ya juu kumchukua. Mpaka hapo nisiambie mutu, hata kaka zangu. Nilikubali, na neno langu nililishika. Sikumwambia mtu. Kaka yangu mkubwa alinisonga kutaka kujua sahani inakwenda wapi, sikufungua mdomo. Lakini kusema ni jambo moja, na kujibu mezani ni jambo lingine. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni yeye.

Jumamosi ile Papa Wilondja alikuja kama kawaida. Papa angeweza kumwambia hatuchezi; nadhani aliogopa kwamba kutocheza kungezungumza zaidi. Tulicheza watatu, karata za mtu wa nne zikiwa wazi mezani mbele ya kiti cha Mwalimu. Papa Wilondja hakuleta bombo wala hakusimulia kitu. Alikuwa akijifuta shingo kwa kitambaa na kukosea hesabu, yeye asiyekosea. Mama akachungulia mlangoni kuuliza juu ya chakula.

"Ya mugonjwa wa kifua, mutoto atapeleka jioni," Papa alimjibu.

Hapo akaingia mwanamke mwenye mtoto wa degedege mikononi, na Papa akainuka mbio kwenda chumba cha pili. Tukabaki wawili. Papa Wilondja alizitazama karata za Mwalimu zilizolala wazi, akazitazama sana. Kisha akakunja kidole. Kó kó.

"Mwenzako amesema mugonjwa wa kifua," alisema. "Amesema nini?"

Sikukalia mikono yangu. Nilinyoosha mgongo. "Ni Mwalimu Enoki," nikasema. "Iko salama. Kesho anapanda, watu wakiwa kanisani." Yote ninayoyajua, kama sheria inavyotaka. Na ukweli ni kwamba nilifurahi kumwambia. Nilimwona mtu aliyepotelewa na mwenzake, miaka sita wakitazamana, na hakuna aliyemwambia mwenzake yuko wapi. Nilidhani atacheka kwa furaha.

Hakucheka. Alizipanga karata zake, piki na piki, kere na kere, kama mtu anayeanza mchezo, na sisi tulikuwa katikati. Akazilaza kifudifudi, akachukua kofia yake. "Unacheza muzuri, mutoto wangu," akasema, akatoka. Papa aliporudi aliuliza, "Ameenda?" Nikasema ndiyo. Alizitazama zile karata zilizopangwa, akanitazama mimi, nikamchekea. Hakuuliza la pili. Alitoka mbio mpaka ziwani kutafuta mtumbwi wa kumtoa Mwalimu usiku ule ule. Wavuvi wote walikuwa na sababu ya kukataa.

Baadaye tulisikia kwamba wiki nzima wakubwa wa bureau walikuwa wanamwita Papa Wilondja, wanamuuliza kwa nini kila Jumamosi anakaa na mtu wa juu, na kama yeye naye ni mmoja wao. Alikuwa na watoto sita. Nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa kumtetea. Moyo wangu si mkubwa kiasi hicho.

Walikuja asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza. Nilikuwa katikati ya migomba na sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, bado ya moto, nilipowaona wamekizunguka kibanda. Wengine walikuwa na bunduki, wengine fimbo na mapanga. Mmoja nilimjua, Papa aliwahi kumtibia mtoto surua. Hawakuwa na haja ya kuvunja mlango. Mwalimu Enoki alitoka mwenyewe, amevaa viatu, amefunga kamba vizuri.

"Docta hajui kitu," aliwaambia. "Niliingia humu mimi mwenyewe, kwa kujificha."

Mtu ambaye hakuruhusu hesabu ya uongo ipite mezani hata kwa mchezo. Walimpitisha karibu nami, karibu kiasi cha kunusa sabuni ya nguo zake. Hakunitazama. Nilidhani amenikasirikia, na nililibeba hilo mpaka nilipopata watoto wangu mwenyewe, ndipo nikaelewa kwamba kunitazama kungewaonyesha kuwa tunajuana. Walimteremsha kuelekea ziwani. Tulisikia. Sitaandika tulichosikia.

Papa hawakumwamini lakini walimhitaji, muuguzi mwingine hakuwepo. Kwa hiyo walimpiga tu, na kwa kitako cha bunduki wakamvunja vidole viwili vya mkono wa kuume. Mama alinikuta bado nimesimama kwenye migomba. Alinitoa sahani mkononi, akamwaga chakula, kuku wakala. Mimi na yeye hatukuzungumza juu ya sahani ile tena.

Nikaanza kusubiri Papa aniulize. Nilikuwa na jibu tayari, zima, tangu kó kó mpaka mwisho. Vita ilipoingia Baraka tulitembea mpaka Lulimba, na njia nzima nilikaa karibu naye ili asipate shida ya kunitafuta. Hakuuliza. Lulimba alitibu wachimba dhahabu kwa vidole vyake vilivyopona vimepinda. Karata zilikuwa chini ya kikapu cha dawa, ndani ya kopo, na hazikutoka humo. Siku moja aliletwa Papa Wilondja, amekonda, mguu umeoza kwa kidonda. Nilishika beseni. Papa alikiosha kidonda kile polepole kama vidonda vyote, akakifunga. "Docta..." Papa Wilondja alianza. "Rudi kesho, tubadilishe bandeji," Papa alimkatiza. Hakurudi, na sisi hatukuulizia.

Kisha ikaja vita ya pili, ikawachukua wajomba zangu huko Makobola, wake zao, watoto wao. Watu walikaa matanga nasi, wakisema waliowaua ni watu wa juu, na jirani mmoja hakuweza kujizuia. "Unaona sasa, Docta? Na weye ulificha mutu yao."

"Nilificha Enoki," Papa alisema. Hakuongeza.

Usiku huo nilimchukia kidogo. Mtu mwenye jibu la kila mtu, na mimi hana swali la kunipa. Nilisema moyoni, ama hajui, ama anajua na hawezi kunitazama. Nimeolewa na kuzaa nikiwa na jibu lile kooni. Niliwahi kumsimulia mume wangu, akaniambia maneno ambayo wote huyasema: ulikuwa mtoto. Najua nilikuwa mtoto. Ndiyo maana niliulizwa mimi.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alikuwa amerudi Baraka, kitandani, pumzi fupi. Ilikuwa saa kumi za mchana, jua limefika mpaka kwenye shuka. Aliomba kopo. Nililiweka kifuani pake, naye akaweka mkono juu ya kifuniko bila kukifungua. Nikaona kama sisemi leo, sitasema.

"Papa. Siku ile Papa Wilondja aligonga meza."

Alifumba macho. "Minajua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Karata yake alikuwa amezipanga. Na weye ulikuwa unafurahi."

"Juu ya nini haukuniuliza? Miaka yote hii, Papa. Nilikuwa nangojea."

Alivuta pumzi mara mbili, tatu. "Kama ningekuuliza, ungenijibu," alisema. "Nilikufundisha vile. Ungeyasema na mudomo yako, masikio yako ingeyasikia. Sikutaka uyasikie." Akapumzika. "Kosa iko yangu. Haiko yako."

Nililia, sioni aibu kuandika. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akainua ule mkono wa kuume, na kwa vidole vilivyopinda akagonga ubao wa kitanda. Kó kó.

Nilinyoosha mgongo kabla sijajua ninafanya nini.

"Ile asubuhi," alisema. "Enoki. Alikula?"

Niliingiza mikono chini ya mapaja yangu, nikaikalia. Niliiona sahani mkononi mwangu, ya moto, imefunikwa. Nikawaona kuku. Nilimwona mtu akiteremshwa ziwani na njaa yake, na mzee huyu aliyelibeba swali moja muda wote niliobeba jibu, asiweze kuliuliza bila kuligusa lile lingine. Nilifikiri mpaka mwisho, kama nilivyofundishwa, ndipo nikatoa mkono na kushika wake.

"Alikula, Papa. Alimaliza yote, hata ndagala."

Papa alinitazama kwa muda mrefu, jicho lile lile alilomtazamia mtu aliyetangaza kitu ambacho karata zake hazina. Angeweza kugonga tena. Sheria ilimruhusu.

"Napita," alisema.